Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, na wazee wetu mliofika, shikamooni.

Kazi za kawaida mnazijua. Vikao vya wanaotunza wagonjwa wa dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu asahau na kuchanganyikiwa, viliendelea kila mwezi pale Mkuyuni, Mwanza, na Septemba 21 tuliadhimisha Siku ya Alzeima Duniani, Alzeima ikiwa ndiyo aina ya dimenshia inayoonekana zaidi. Wazee kadhaa walipelekwa hospitali ya Bugando kupimwa. Mmoja ilionekana hana dimenshia kabisa, ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa; ametibiwa na amerudi kuuza dagaa wake. Kwa hiyo tuache kusema "ni uzee tu". Si kila anayesahau ana ugonjwa huu, na ugonjwa huu si sehemu ya uzee wa kawaida. Utafiti uliofanyika vijijini wilayani Hai ulikuta wazee 6 hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Waliobaki hawana.

Vitambulisho vya wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, ili watibiwe bila malipo, nilivifuatilia mwenyewe kuanzia ofisi ya mtaa, kwa nauli yangu. Waliovipata wanajua.

Sasa niseme jambo lililoleta maneno. Mwezi Machi kamati iliamua picha na majina ya wazee wanaopotea njia yapelekwe kwa wenyeviti wa mitaa na kwenye vijiwe vya bodaboda, na namba ya simu ya familia ishonwe ndani ya nguo ya mzee. Familia tatu zimejitoa. Wamesema tumewatangaza wazazi wao kuwa vichaa, tena bila kuwashirikisha. Ndugu zangu, tangazo la kikao lilikaa kwenye kundi la WhatsApp wiki nzima. Kati ya wanachama 68 walikuja 14. Hao 14 ndio walioamua, na mimi nausimamia uamuzi wao.

Mwezi Juni, saa nne usiku, bibi wa mwenzetu mmoja alisimama Igogo akitikisa mlango wa watu, akisema ni kwake, wamfungulie. Vijana walishakusanyika, wengine mawe mkononi, na neno "mchawi" limeshatamkwa. Dereva wa bodaboda aliyeiona picha yake kijiweni ndiye aliyewazuia. Akafunua pindo la kitenge, akasoma namba, akapiga. Bibi alifikishwa nyumbani miguu imejaa tope, mzima. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote, amekuwa akifanyiwa nini. Aibu ya jirani kujua kwamba mama anasahau naielewa, lakini siwezi kuiweka juu ya uhai wa mama mwenyewe. Na anayetaka picha ya mzazi wake iondolewe aje aniambie, itaondolewa siku hiyo hiyo. Hadi leo hakuna aliyekuja. Maneno yanasemwa pembeni.

Fedha. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tulitegemea 1,632,000, tukapata 611,000. Nauli za wagonjwa 218,000, ukumbi na chai 140,000, picha na ushonaji 122,000. Benki zimebaki 131,000. Wapo ambao hawajalipa tangu Januari, na mgonjwa wao akizidiwa simu ya kwanza inapigwa kwangu. Nimekuwa nikipokea na nitaendelea kupokea, lakini nauli ya kwenda Bugando haitoki hewani. Mahudhurio nayo yanasikitisha, hasa wanaume. Mama anayelala nusu nusu kwa kumlinda mkwe wake usiku anafika kikaoni, mtoto wa kumzaa yule mzee hafiki.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mahali pa wazee kushinda mchana ili anayewatunza apumzike au aende sokoni. Mazungumzo na taasisi moja ya dini yameanza vizuri.

Wanaodaiwa ada, mweka hazina yupo mezani hadi saa kumi.

Naomba kuwasilisha.