Anayesikia sauti aulizwe zinamwambia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo familia nyingi za huku kwetu Masasi hulificha mpaka linapowaelemea.

Mdogo wangu alianza kusikia sauti miezi michache baada ya kumzika mama yetu. Akiwa shambani anaokota korosho, ghafla husimama na kujibu maneno ambayo sisi hatukuyasikia, nasi tukawa tunamkatalia kwamba hakuna anayesema naye, jambo lililozidi kumtenga nasi. Tuliambiwa ana majini, tukamfunga kamba siku nne. Makovu anayo hadi leo, na yananiuma kwa sababu mikono iliyomfunga ilikuwa yetu.

Muuguzi wa afya ya akili ndiye aliyemuuliza kile ambacho hatukuwahi kumuuliza: sauti hizo ni za nani, na zinakuambia nini? Ndipo tulipojua kwamba moja ilimlaumu kwa kifo cha mama na nyingine ilimwamuru ajitose kisimani. Tungalikuwa tumemuuliza mapema, tusingalimwacha alale peke yake.

Anayesikia sauti hasemi uongo, kwani kwake husikika kweli. Aliyefiwa anaweza kusikia sauti ya marehemu pasipo kuwa mgonjwa, lakini sauti hizo huweza pia kuletwa na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo), sonona kali, kifafa, bangi, kuacha pombe ghafla, hata malaria iliyopanda kichwani, na kwa hiyo kupimwa hospitali ni lazima.

Dawa zipo, na haloperidoli ilimsaidia sana mdogo wangu, ila ilimtetemesha mikono na kumkakamaza shingo, naye akaiacha kimyakimya mpaka sauti zikarudi kwa ukali. Daktari alipoelezwa alipunguza kipimo cha dawa hiyo, akaongeza kidonge cha kuzuia kutetemeka.

Huko Uholanzi, mwaka 1987, daktari Marius Romme na mgonjwa wake Patsy Hage walizungumzia sauti hizo katika televisheni, wakapigiwa simu na mamia ya watu waliozisikia, wakiwamo walioishi nazo bila kutibiwa. Tangu hapo watu wa namna hiyo wamekuwa wakikutana na kuelezana wanavyozikabili. Naziomba kliniki zetu za Mtwara na Lindi ziwape wagonjwa hawa nafasi kama hiyo, walau saa moja, siku wanayofuata dawa, kwani wanakuwa wamekwisha kufika na nauli wameilipa.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara