Mimi nilinusa nikapuuzwa, mashine ikinusa mnaipigia makofi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka kumi na minane na sijawahi kuwasumbua hata kwa mstari mmoja. Makala yenu kuhusu "pua ya elektroniki", yaani kifaa chenye vihisi vya gesi cha kunusa viazi vinavyoozea ghalani, imenishinda kunyamaza.

Mwandishi wenu ametuambia kwamba mpaka leo maghala hayana njia ya kugundua ugonjwa uliojificha ndani ya rundo. Njia ipo. Ina miguu miwili, huingia ghalani kabla jua halijachomoza, na hakuna aliyewahi kuja kuipiga picha.

Msimu mmoja nilifungua mlango wa ghala la viazi vya mbegu nikakutana na uvundo mwepesi, wa kuja na kupotea. Nikamwita msimamizi. Akatazama kipimajoto: nyuzi 4. Akatazama kipimaunyevu: sawa. Akaniambia kunusa si kipimo, nirudi kazini. Nikamwomba tulifumue rundo la kona tu, tutoe vibovu, tuongeze upepo. Akasema nitavichubua viazi vizima bure. Baada ya siku tisa maji meusi yalikuwa yanachuruzika chini ya rundo hadi mlangoni, na ukichukua kiazi unabaki na ganda mkononi, nyama yote imegeuka uji. Anayeujua uozo laini hashangai: bakteria wa Pectobacterium huingia kwenye jeraha au kwenye vitundu ambavyo kiazi hupumulia, huyeyusha gundi inayoshikanisha chembe zake, kisha yale maji huteremka na kuambukiza vya chini. Sasa sikiliza, Mhariri. Waliponiita ofisini haikuwa kuniomba radhi. Nilitakiwa nieleze kwa maandishi kwa nini sikutoa taarifa mapema!

Nisieleweke vibaya, kifaa chenyewe sikichukii. Kiazi kinachooza hutoa gesi nyingine kabla pua ya mtu haijazikamata, na kihisi kizuri kinaweza kunitangulia kwa siku kadhaa. Lakini mngesema yote. Ghala la viazi linatakiwa liwe na unyevu wa asilimia 90 na zaidi, la sivyo viazi vinanyauka, na vihisi vingi vya oksidi ya metali, aina inayotumika sana kwenye pua hizo, huvurugwa na unyevu huohuo. Vikizeeka hupoteza shabaha, inabidi virekebishwe. Halafu vinanusa hewa, havikuonyeshi kiazi kipi, rundo lipi, upande upi. Na huo "uvumbuzi wa juzi" mnaousifia, watafiti Persaud na Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliuandika katika jarida la kisayansi la Nature mwaka 1982. Mimi mtunza ghala ninalijua hilo, mwandishi wenu hakulijua.

Na tukiwa bado hapo, mbona hakuna anayewaandika wavunaji? Viazi vinamwagwa kutoka juu kama kokoto, wapakiaji wanapanda juu ya mzigo na mabuti, na mzigo ulionyeshewa unaingizwa ghalani hivyohivyo ukiwa umelowa. Utando wa maji juu ya ganda hukinyima kiazi hewa, na hiyo ndiyo karamu ya bakteria. Viazi vilivyochubuka vinahitaji kama wiki mbili penye joto la wastani na upepo ili majeraha yafunge kabla ya kupozwa. Ukiziomba hizo wiki mbili unaambiwa unachelewesha kazi. Jeraha linafanyika mchana kweupe, watu wakitazama, kisha tunanunua mashine ya kunusa matokeo yake gizani.

Pendekezo langu ni hili. Fungeni hivyo vihisi, vingi mtakavyo, ila kengele yake isifungwe ghalani. Ifungwe chumbani kwa msimamizi, karibu na mto wake wa kulalia, na isizimike kwa kitufe. Izimike pale tu rundo litakapokuwa limefumuliwa na yeye mwenyewe yupo, ameinama. Glavu nitamwazima zangu. Ya kulia imetoboka kwenye kidole gumba, lakini atazoea.

Mtunza ghala