Simiti itaziua nyumba za makasisi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika hata mstari. Makala yenu kuhusu nyumba za wamisionari wa Rabai, karibu na Mombasa, ndiyo iliyonitoa kimya. Mwandishi wenu anashauri nyumba kongwe za aina ile, za enzi ya Malkia Victoria, zipigwe lipu ya simiti ili zidumu. Mimi ni fundi mwashi mstaafu. Ushauri huo ni wa hatari.

Nyumba ya kasisi ya parokia yetu, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ilisimama tangu babu yangu hajazaliwa. Kamati ilipotaka kuikarabati niliwaambia: ukuta ule hunywa maji ya ardhini, na chokaa huyaachia yakaukie nje. Ukiufunika kwa simiti, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda, jiwe linamumunyuka. Nikajibiwa, "Mzee, hayo ya zamani." Wakaleta mkandarasi. Masika ya pili lipu ikavimba, ikaanguka mapande mapande, na kila pande likaondoka na jiwe lake. Moja, kubwa kama sinia, ninalo barazani hadi leo. Chokaa ya kuukarabati ukuta ule zamani aliichoma marehemu baba yangu kwa tanuri la kuni, akailoweka shimoni miezi kadhaa kabla ya kuitia mwiko. Nililia, na sioni haya kusema.

Na hili nalo limeniuma. Makala nzima ni wamisionari wawili Wajerumani: Krapf, aliyefika Mombasa 1844, na Rebmann aliyemfuata 1846. Rebmann alipoondoka 1875 alikuwa kipofu, na aliyesafiri naye hadi Ulaya akimwongoza ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa. Hamkumtaja hata mara moja! Wajukuu zetu wanapelekwa makumbusho ya Rabai, wanarudi na majina ya wageni wawili tu. Mwenyeji aliyekuwa macho ya mzee yule hawamjui.

Kabla nyumba yoyote ya namna hiyo haijaguswa, lijengwe tanuri moja la chokaa hapo hapo Rabai, wafundishwe vijana sita wa pale, na mwashi mmoja mzee akae getini kukagua kila mfuko unaoingia. Nauli nitajilipia. Pande lile la lipu nitakuja nalo.

Fundi mstaafu,
Kilifi