Kabla ya kumwachilia utitiri mlinzi

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa wengi wenu mmeuliza kuhusu utitiri wanaofuma utando chini ya majani ya mimea yetu ya ndani ya nyumba, napendekeza tumtumie adui wao, Phytoseiulus persimilis, ambaye naye ni utitiri (kwa hiyo si mdudu hasa, maana ana miguu minane) na chakula chake ni utitiri hao hao. Acheni kupulizia dawa wiki kadhaa kabla ya kumwachilia, kwani masalia yake yanaweza kumuua, kisha nyunyizieni majani maji mara kwa mara, kwa sababu unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60 mayai yake hunyauka. Mbawakawa wenye madoa, ambao hula vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea), sipendekezi kuwatumia ndani ya nyumba: hurukia dirishani na kuwaacha vidukari wakistarehe.