Deo, nimeanguka kwenye mfongo

Moshi, Jumapili usiku

Kaka Deo,

Salaam nyingi. Najua, najua. Tangu msiba wa Bibi pale Kiboriloni sijakuandikia hata mstari, na ulipopiga simu mwezi wa tano nikakwambia "nakupigia sasa hivi". Sasa hivi yenyewe ndiyo hii. Nisamehe. Mama watoto anakusalimu, watoto hawajambo, ng'ombe kazaa dume tena, na baridi ya Julai imetukamata mpaka Mzee Kona anashinda jikoni kando ya mafiga kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Wote tu wazima isipokuwa bega langu la kushoto, na hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Alhamisi nimeanguka na baiskeli kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba. Ngoja kwanza usicheke. Ni ule unaokata njia chini ya kwa Mama Neema, ule ule tuliokuwa tunauruka tukitoka shule na madaftari kichwani. Miaka thelathini naujua, kaka. Ningeuchora huku nimefumba macho. Na nimeuingia wima wima, gurudumu la mbele likabaki mle, mimi nikaendelea na safari hadi kwenye masale, ile mimea ya mpakani, ya jirani. Maji yake ya baridi, usiniulize.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza masomo ya ziada na kidato cha nne saa kumi na mbili na robo. Wewe umezoea taa za Dar, umesahau jua la huku halikuagi. Likishazama, dakika ishirini na kitu unatafuta tundu la kufuli kwa kupapasa. Kwa hiyo mtu mwenye kazi akitaka kuendesha, ataendesha usiku au aache. Nikapanda Kibosho kwa lami polepole, nikageuza, nikashuka kwa njia ya vihambani, katikati ya mashamba ya migomba ya watu. Ilikuwa kama saa mbili. Ukungu umekaa kwenye migomba. Kichwani nilikuwa na ile tochi niliyonunua kwa kijana wa kutembeza bidhaa pale stendi, ambayo sanduku lake limeandikwa lumeni 50,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga.

Hapo ndipo nilipaswa kujicheka mwenyewe. Mwalimu wa fizikia mzima! Taa nzuri ya LED inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 50,000 maana yake wati 500. Hiyo ni nusu ya pasi, Deo. Nilivaa nusu ya pasi kichwani na nywele hazikuungua? Na inatumia betri moja tu, hizi za 18650, nene milimita 18, ndefu milimita 65. Betri ya aina hiyo iliyo bora kabisa haizidi sana mAh 3,500, hicho ni kipimo cha chaji inayobeba, yaani nishati ya kuendesha kitu cha wati 12 hivi kwa saa moja. Ukiikamua wati 500 itakufa ndani ya dakika moja na nusu. Yangu imeandikwa mAh 9,900. Haya, tuuamini na huo uongo: bado ni dakika nne. Ila sanduku linasema inawaka saa nane! Aliyeandika lumeni na aliyeandika saa hawakuulizana.

Ijumaa, mkono ukiwa umefungwa kwa kanga, niliipeleka ile betri kwenye mizani ya maabara. Betri halisi ya 18650 ina gramu 45 na kidogo. Yangu: gramu 29. Watoto wa kidato cha tatu walikuwa wananitazama, nikawageuzia kipindi kizima kuwa hesabu ya betri. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo ulipigwa?" Nikamwambia akae chini.

Sasa nisikilize vizuri, maana nina ombi, na ombi lenyewe halieleweki bila hili. Si lumeni zilizoniangusha. Hata ingekuwa tochi ya kweli, kwa pale ilipokaa ningeanguka tu. Nimelala siku tatu kwa ubavu mmoja nikiliwaza jambo hili.

Mfongo niliuona. Ndiyo! Niliuona kama mstari wa udongo mweusi kidogo, kama mahali mtu alipomwaga maji ya kuoshea vyombo. Sikuuona kama shimo. Kwa nini? Kwa sababu taa ilikuwa kwenye paji la uso, sentimita chache juu ya macho. Kivuli hukimbilia nyuma ya kitu, upande usio na taa. Na jicho likiwa pale pale ilipo taa, kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu chake na wewe hukioni. Jiwe linakuwa doa. Mzizi unakuwa mchoro. Shimo linakuwa rangi. Ni kama mwezi: ukiwa mpevu jua linatoka mgongoni kwetu, unauona kama sahani. Ukiwa nusu, jua likiupiga ubavuni, ndipo mashimo yake yanajitokeza. Au chukua Mlima wetu. Asubuhi jua likiwa upande wa Marangu unahesabu makorongo ya Kibo moja moja. Lile jua la utosini linaufanya picha ya kalenda.

Kwa hiyo taa kubwa inatakiwa ikae kwenye usukani, chini ya macho, ili kila jiwe lirushe kivuli chake mbele na wewe kutoka juu ukione. Lakini usukani nao una ujinga wake: unamulika linakoelekea gurudumu, si unakokwenda wewe. Kwenye kona kali ya kihamba unaingia gizani kabisa huku taa inawamulikia watu migomba yao. Hapo ndipo ya kichwani inapata kazi, maana kichwa hugeuka kabla ya baiskeli. Zote mbili, basi. Ya usukani pana na yenye nguvu, ya kichwani nyembamba na nyepesi, isizidi gramu 150 shingo isije ikalalamika, na kwenye ukungu unaipunguza kabisa kwa sababu mwanga unarudi machoni kama ukuta mweupe. Alhamisi nilikuwa na ya kichwani tu, imewashwa mwisho, na ukungu. Nilifanya makosa yote matatu kwa pamoja.

Nguvu kiasi gani? Nimepiga hesabu. Tuseme nilikuwa kwenye kilomita 25 kwa saa. Hizo ni mita 7 kila sekunde. Mpaka kichwa kikubali kwamba lile si jani kavu na vidole vishike breki, sekunde moja na nusu imekwenda, mita 10 na ushee ziko nyuma. Kusimama kwenye udongo ule, mita 8 nyingine ukibahatika. Jumla ni 18 na ushee. Mimi nilikuwa naona mita kumi. Na kuona mbali mara mbili hakutaki mwanga mara mbili, kunataka mara nne, ndiyo maana wauzaji wanatajirika kwa namba. Nimeridhika na lumeni 1,000 za kweli kwenye usukani na 400 au 500 kichwani. Usidhani ni chache: taa moja ya gari ya halojeni, hizi za H4, ikiwa kwenye dimu, ule mwanga wa chini, inatoa kama hizo 1,000.

Mama watoto anasema hesabu rahisi zaidi ni kulala nyumbani. Hilo nalo nimelisikia.

Unakumbuka dainamo la Mzee wako? Likisuguana na tairi lilikuwa linalia kama nyuki ndani ya chupa. Kupanda kule Umbwe taa inakufa, kushuka inawaka kama harusi. Lakini halikudanganya mtu, liliandikwa volti 6, wati 3, na wati 3 zilikuwepo. Tairi ndilo liliisha. Ile baiskeli iko wapi siku hizi? Deus aliwahi kusema ameiona kwa fundi mmoja Pasua, nikaenda, sikuikuta, halafu yule fundi akaanza kunieleza habari za shamba... hiyo nitakusimulia tukionana.

Ombi sasa. Huku nimezunguka, naonyeshwa masanduku ya namba kubwa tu. Wewe uko hatua mbili kutoka Kariakoo. Naomba Jumamosi moja uniangalizie taa mbili. Usinunue kwa kusoma sanduku. Nenda na vitu viwili: mizani ndogo, ile ya shemeji ya kupimia hamira inatosha, na uvumilivu.

Betri naomba iwe ya kutolewa. Zile zilizofungiwa ndani ni nzuri mpaka jioni umeme ukatike kabla hujachaji. Mimi nataka nibebe ya akiba mfukoni. Kwa ya usukani tafuta inayobeba betri mbili. Wati 10 kwa lumeni 1,000, betri mbili zina wati 25 za saa moja, ondoa zinazopotea njiani, nabaki na saa mbili nzuri. Muombe muuzaji azitoe, uzipime. Chini ya gramu 40 rudisha, sema asante, ondoka. Akikasirika ndiyo dalili.

Rangi ya mwanga: kataa ule mweupe unaokwenda kwenye bluu. Udongo wetu mwekundu unageuka majivu, huoni palipolowa wala palipokauka. Uliza wa kelvini 5,000 au chini ya hapo kidogo. Asipoelewa, iwashe ukutani pembeni ya nyingine uchague unaofanana na mchana. Hapo hapo ukutani tazama umbo lake. Nataka ukingo unaofifia taratibu, sitaki duara kali katikati na giza pembeni. Iwe ya alumini, maana joto lazima litoke, na usiiache inawaka mwisho mezani ukidhani unaijaribu. Bila upepo wa mwendo itachemka, na zile nzuri zenyewe hupunguza mwanga. Mvua ya huku ni manyunyu, kiwango cha kuzuia maji cha IPX4 kinanitosha. IPX7 ni ya kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, na sina mpango wa kurudi mfongoni.

Kishikio ndicho wengi wanasahau. Usukani wangu ni milimita 31.8. Kikija cha baiskeli ya zamani, 25.4, hakifungi. Cha mpira wa kuvuta kinaingia popote ila kwenye mawe taa inainama taratibu mpaka unajimulikia tairi. Tafuta cha skrubu.

Nina laki moja na themanini kwa zote mbili. Najua utasema mangi, yaani Mchaga, haachii hela. Ikipungua niambie kabla, usiniongezee kimyakimya ukaja kunidai kwenye harusi ya Kipara mbele ya wakwe.

Na taa ndogo nyekundu ya nyuma, kama chenji itabaki. Vihambani haina kazi, lakini ile lami ya kurudia mjini bodaboda wanashuka wamezima taa kabisa eti wanaokoa betri.

Jambo jingine, usimwambie Mama. Ameshaambiwa nimeteleza bafuni. Mama Neema ndiye aliyenitoa, na alitoka na panga kwanza, maana alichoona yeye ni taa inayoruka gizani kwenye kihamba chake na kishindo. "Wewe nani unatumulika kama mwizi?" Nikajibu kutoka mfongoni, "Shikamoo mama, ni mwalimu." Kimya. Kisha, "Mwalimu gani?" Kumbe sungusungu nao walishaanza kushuka. Kesho yake sokoni ilikuwa imeshafika kwamba mwalimu alikuwa anawinda nguchiro. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka taa yenye hatua ya chini kabisa, nikikutana na mtu anatembea niipunguze na nimsalimie kabla hajaniuliza. Fulu ya usoni inaudhi, hata mimi ningetoka na panga.

Haya niambie basi. Lini unakuja? Bado unaendesha au baiskeli imekuwa kamba ya kuanikia nguo, kama Kipara anavyosema? Yule kijana wako wa spea za simu pale mtaa wa Aggrey bado yupo, na anaaminika kwa betri au kwa vioo tu? Shemeji alimaliza ile kozi? Ukipata taa utampa nani aje nazo, au nimwambie Deus anayeshuka huko mwisho wa mwezi? Na je, nikusubiri Desemba tushuke pamoja ile njia, wewe mbele mimi nyuma, au unaogopa mfongo?

Nijibu kabla Deus hajaondoka. Bega linasema nilale.

Wako,
Prosper

Nimesahau: betri za akiba ziwe mbili, siyo moja.