Barua kwa mwanangu anayetaka kuutembea ukuta wa Hadrian peke yake

Marahaba mwanangu. Shikamoo yako niliiona saa kumi na moja alfajiri natoka zamu, nikawa nayo mkononi kwenye basi mpaka nyumbani sijaijibu, manake mdogo wako alishaniambia tangu jana yake. Hilo sijalipenda. Mtu anapanga kuufuata ukuta wa Warumi unaokatiza kaskazini mwa Uingereza, maili 84 kwa miguu, Wallsend mpaka Bowness-on-Solway, siku saba nzima, alafu mama yake anakuja kuambiwa na mtoto wa miaka kumi na tatu akiwa anakula mkate.

Sikukatazi kwenda. Una miaka yako ishirini na tatu na hiyo historia umeisomea, mimi nliyekuwa nakusukuma usome unesi leo ndo nawaambia wenzangu kazini binti yangu anasoma Kilatini kwenye mawe, akisimama mbele ya jiwe anakwambia huyu alikuwa nani na alitoka wapi. Ninachosema ni kimoja tu, usiende peke yako.

We mwenyewe ndo ulinieleza kaisari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122, na kila maili ya Kirumi paliwekwa kiboma chenye lango, na kati ya kiboma na kiboma minara miwili. Sasa niambie, waliipanga karibu karibu hivo ya nini? Si ili mmoja akiona jambo mwenzake awe anamwona. Askari na mikuki yao hawakuachwa peke yao, itakuwa we na begi mgongoni. Leo ukipiga kelele pale wanaokusikia ni kondoo.

Utasema mama anaogopa watu wa mashambani. Zamani ndio, sikatai. Ile karatasi ya safari ya shule niliyokwambia hela hakuna, hela ilikuwepo. Nlikuwa najua kule vijijini sio kwetu, tutaangaliwa, nikaona bora ukae nyumbani. Nani angeniambia kumbe Burgh by Sands, huko huko mwisho mwisho wa ukuta, Warumi waliweka kikosi cha Wamoor kutoka Afrika Kaskazini, zaidi ya miaka 1700 iliyopita, na jina la kikosi lipo limechongwa kwenye jiwe. Na Severus, kaisari mzima, kazaliwa Leptis Magna kule Libya na kafia York mwaka 211. Kwa hiyo sio watu ninaowaogopa, nakuogopea ule upweke wa kule juu.

Na nakwambia kitu ninachokijua. Mimi nilishafika. Sikuwaambia wewe wala mdogo wako. Ule mti maarufu wa Sycamore Gap, pale ukutani, ulivyokatwa, usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023, wewe ulilia kwenye simu nami nikakujibu vibaya, nikasema mti tu. Basi lile neno likanikaa. Mwaka uliofuata, Agosti, niliposikia kisiki kimechipua, nikachukua treni mpaka Hexham, nikapanda basi la AD122 linalofuata ukuta, na viatu vyangu vya kazini. Nimekiona kisiki, kimezungushiwa uzio, watu wamesimama kimya kama wako msibani. Wale wawili walioukata baadaye walifungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja, lakini mti uliokuwa umesimama miaka yote ile kifungo hakiurudishi.

Wakati wa kurudi ukungu ukashuka. Sio ule wa Newcastle, huu unakuja kama mtu kakufunika shuka, njia inapita juu ya majabali na sioni hata mguu wangu naukanyagisha wapi, simu haina netiweki. Nilikaa chini nimeegemea ukuta karibu saa nzima nasoma nyiradi mpaka akatokea mzee na mbwa wake akaniongoza hadi maegesho ya Steel Rigg. Asingepita yule mzee sijui. Ndio maana nasema, na nitasema tena, usiende peke yako.

Ukishindwa kabisa kupata mwenzio basi kabla hujatoka tuma neno register kwa meseji kwenda 999, namba ya dharura, fuata wanavyokujibu, ukishaandikishwa unaweza kuomba msaada kwa meseji pale ambapo kupiga haiwezekani. Ukipiga, omba polisi, waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Na pawabenki iwe imejaa, sio kama ulivyozoea.

Soksi nimekutumia jozi mbili za sufu. Usicheke, si wewe uliyenionyesha ile barua ya Vindolanda, ngome ya Warumi karibu na ukuta, mtu kamwandikia mtu wa pale nimekutumia soksi na ndara jozi mbili na chupi mbili? Kipande cha ubao chembamba, kimelala kwenye matope yasiyopata hewa karibu miaka 1900, na soksi bado zinasomeka. Nilikifikiria sana hicho kipande. Aliyeandika hajulikani, mi nasema ni mama.

Kule Solway, njia inapofika baharini, angalia bamvua. Mtoto wa mtu wa Tanga asije akabebwa na maji. Ile barabara ya kwenye vinamasi maji yakijaa sana inafunikwa, kwa hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa lisome usiku kabla hujalala, usiwaulize watu wa hoteli tu.

Hapa boila imekufa tena, fundi kasema kipuri kinakuja Jumatatu, tunaoga kwa maji ya birika. Mdogo wako kakua, suruali zote za shule zimekuwa fupi, zile zako za michezo nimempa, kama ulikuwa unazitaka sema. Shangazi yako katuma dagaa na unga wa muhogo kwa mtu aliyekuja, nimekuwekea nusu kwenye friza.

Nimeangalia ratiba yako, Jumatano unalala kijiji cha Once Brewed na Alhamisi unapita pale kwenye kisiki kwenda ngome ya Housesteads. Utaanzia upande wa Bowness au wa Wallsend, hapo sijaelewa, niandikie vizuri. Nimeshanunua buti. Kama huna mtu, hizo siku mbili natembea na wewe, taratibu lakini natembea. Nijibu kabla ya Ijumaa manake rota inatoka Ijumaa mchana na nikichelewa kuomba ofu wananipanga usiku.