Anayemalizia riwaya ya marehemu atuonyeshe alipoanzia

Mhariri,

Siwapingi waandishi wa leo wanaozimalizia riwaya ambazo watunzi wakubwa walifariki kabla ya kuzikamilisha. Ninachodai ni kwamba msomaji aonyeshwe, katika ukurasa wenyewe wala si kwa maandishi madogo ya nyuma ya jalada, mahali kalamu ya marehemu ilipokoma.

Jambo hilo lilikwisha kufanyika zamani. Robert Louis Stevenson, ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa Kisiwa Chenye Hazina, alifariki huko Samoa tarehe 3 Desemba 1894 akiacha riwaya mbili pungufu. St. Ives ilikuwa imefika sura ya 30. Arthur Quiller-Couch akaongeza sura sita, na kitabu kilipotoka mwaka 1897 kilieleza waziwazi kwamba kuanzia hapo msimulizi ni mwingine, hivyo asiyetaka kuendelea aliweza kukifunga pale pale. Weir of Hermiston, aliyokuwa akiishughulikia hadi siku ya kufa kwake, haikumaliziwa na mtu: ilichapwa mwaka 1896 ikiwa imekatika, pamoja na maelezo ya rafiki yake Sidney Colvin kuhusu namna hadithi ilivyokusudiwa kuendelea. Wahakiki wengi huiweka hiyo iliyokatika juu ya ile iliyomaliziwa, nami naungana nao, ingawa siamini kwamba kukatika ndiko kulikoipa ubora.

Kwa Charles Dickens mambo yalikuwa magumu zaidi. Alifariki Juni 1870 akiwa ameandika sehemu 6 tu kati ya 12 za The Mystery of Edwin Drood, na kitendawili cha kijana aliyetoweka kikabaki bila jibu. Mwaka 1873 mtu mmoja wa Vermont, Marekani, alichapisha mwisho wake akidai kwamba roho ya Dickens ndiyo iliyomsomea maneno. Tunamcheka, lakini mchapishaji anayeandika jina la marehemu kwa herufi kubwa na la mmaliziaji kwa herufi za kuhangaikia miwani anadai karibu jambo lile lile, ila hana mzimu wa kumsingizia.

Haki za kunakili za kazi hizi zilikwisha muda, kwa hiyo hakuna mrithi wa kumzuia yeyote. Kwa sababu hiyo nawaomba wachapishaji wajiwekee wenyewe masharti mawili: majina yote mawili yalingane jaladani, na maneno ya marehemu yasiguswe ili yafanane na ya mgeni wake.

Msomaji wako,
Tanga